Mwacheni Mbwa na Mkia Wake

Mtoto wa Doberman anafika Isamilo au Buswelu akiwa na wiki nane, na swali la kwanza analoulizwa daktari wa mifugo halihusu chanjo. Anaulizwa: "Dokta, haya masikio unayakata lini?" Rottweiler akija na mkia mrefu, aliyemnunua anaona kauziwa chotara. Mimi nasema wazi: mbwa mwenye afya hakatwi masikio wala mkia, na daktari anayekubali kufanya hivyo kwa ajili ya sura tu anakosea. Upasuaji ambao mbwa wetu wa Mwanza wanauhitaji upo, na huo ndio tunaoukwepa.

Nianze na masikio, maana huko ndiko mateso yalikojaa. Sikio ni gegedu jembamba lililo katikati ya ngozi mbili. Mtoto wa wiki 7 hadi 12 hulazwa kwa dawa ya usingizi, sikio hubanwa kwa chuma, kipande kikubwa hukatwa, kisha ukingo wote hushonwa toka chini hadi nchani. Kazi haijaisha. Sikio la Doberman lililokatwa halisimami lenyewe. Hufungwa plasta juu ya sponji au kikombe, plasta hiyo hubadilishwa karibu kila wiki, na zoezi huweza kufika miezi minne au mitano, mpaka meno ya utoto yamalize kung'oka. Plasta ikilowa mvua na kuachwa siku mbili tatu, ngozi iliyo chini yake huanza kuoza, harufu hutoka, nzi hufika. Ukifungua unakuta kovu limeukunja ukingo, sikio moja limesimama, jingine limelala. Kurekebisha maana yake ni kukata tena, na nyama ya kukata imeshapungua.

Hapo nimezungumzia kwa daktari. Wapo wanaotumia wembe na majivu, bila ganzi. Ukingo wa sikio una mishipa mingi midogo ya damu, na mtoto wa kilo nne ana damu kama mililita 350 mwili mzima, yaani ujazo wa chupa moja ya soda. Hana damu ya kumwaga. Tafadhali, asiyekuwa na daktari asimguse mtoto wa mbwa na wembe.

Sababu inayotolewa sana ni kwamba sikio lililosimama haliugui. Usaha wa masikio huletwa na mzio, utitiri na unyevu unaobaki ndani baada ya mbwa kuoga au kuogelea ziwani. Cocker Spaniel, mwenye masikio marefu yenye manyoya, ni miongoni mwa wanaosumbuliwa zaidi na masikio, na hakuna anayemkata. Naye German Shepherd, ambaye masikio yake husimama yenyewe bila kukatwa, ncha zake huliwa na nzi hadi zinatoka magamba ya damu. Mbwa akitoka ziwani mkaushe masikio kwa kitambaa. Akitikisa kichwa na kujikuna mfululizo, au sikio likinuka, mpeleke kwa daktari.

Sababu ya pili ni ukali. Sikio halimfundishi mbwa kulinda geti. Masikio na mkia ni mdomo wake mbele ya mbwa wenzake: akivirudisha nyuma, akiviinua, akivitikisa, mwenzake anajua kama kuna ugomvi au hakuna. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya jaribio la mbwa wa bandia aliyebadilishwa mikia. Mkia mrefu ukitikisika, mbwa wakubwa walimsogelea kwa urahisi kuliko ukiwa umetulia. Mkia ukiwa mfupi, kutikisika au kutulia hakukuwapa habari yoyote. Mbwa asiyesomeka ni rahisi kuingia kwenye mapigano, hasa mitaani kwetu ambako mageti mengi hushinda wazi.

Mkia nao hukatwa mtoto akiwa na siku 2 hadi 5, kwa mkasi au kwa mpira unaobana hadi kipande kikauke na kudondoka, mara nyingi bila ganzi, kwa hoja kwamba mishipa yake ya fahamu bado haijakomaa. Hoja hiyo ni potofu. Njia zinazopeleka maumivu kwenye ubongo hufanya kazi tangu kuzaliwa, ila zile za kuyapunguza hukomaa baadaye, kwa hiyo huenda anaumia zaidi ya mkubwa. Baadaye, mshipa wa fahamu uliokatwa huweza kuota kinundu chenye maumivu penye kisiki, mbwa akawa anajiguguna na kukataa kuguswa nyuma. Warumi wa kale walikata mikia wakiamini wanazuia kichaa cha mbwa. Leo tunajua kinachozuia ni chanjo. Wanaodai wanamkinga mbwa asije akaumia mkia wajue hesabu ya utafiti uliofanyika Uingereza: ili kuzuia jeraha moja ingebidi kukata mikia ya mbwa kama 500. Na mbwa wa milima yetu ya mawe, anayeruka kutoka jabali moja hadi jingine, mkia ndio anaojisawazishia.

Doberman, Rottweiler na Boxer wote asili yao ni Ujerumani. Huko kukata masikio kulipigwa marufuku mwaka 1987 na mikia mwaka 1998, isipokuwa kwa baadhi ya mbwa wa kuwindia. Kwa hiyo Rottweiler mwenye mkia ndiye wa nyumbani kwao. Picha tunazoziiga nyingi zinatoka Marekani, ambako bado inaruhusiwa, ingawa chama cha madaktari wa mifugo cha huko chenyewe kinapinga.

Mkia uliovunjika na kuoza, au sikio lenye uvimbe mbaya, hilo ni tiba, likatwe.

Sasa upasuaji tunaoukwepa: kuhasi dume na kufunga kizazi cha jike, yaani kumtoa ovari na mara nyingi mfuko wa uzazi pia. Jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba siku 63, na watoto wasiotakiwa huishia jalalani. Akizeeka bila kufungwa kizazi, yuko kwenye hatari ya usaha kujaa kwenye mfuko wa uzazi wiki chache baada ya joto: anakunywa maji sana, anaacha kula, anakufa. Dume anayezurura huweza kupata na kueneza ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Kuhasi hakumwondolei ulinzi, atabweka kama kawaida. Kwa mbwa wa maumbo makubwa msubiri apite mwaka mmoja au zaidi, ili viungo vikomae.

Kabla ya upasuaji mbwa mkubwa asile kwa saa 8 hadi 12, apimwe uzito kwenye mizani, maana dawa ya usingizi ya kukisia huua. Hatari kubwa kwa jike ni fundo la uzi uliofunga mshipa wa damu wa ovari kuteleza na damu kuvujia ndani, kwa hiyo usiku ule mwangalie fizi: zikiwa nyeupe, rudi kwa daktari hapo hapo. Usimpe paracetamol, diclofenac wala ibuprofen za binadamu. Zinadhuru ini, figo na tumbo. Kola ya kumzuia asilambe ikikosekana, toboa kitako cha ndoo ndogo ya plastiki kiingie shingoni. Asioge wala kuingia ziwani hadi nyuzi zitolewe, siku ya 10 hadi 14, na jeraha lisipakwe oili chafu. Akishapona punguza ugali wake kama robo, maana atanenepa, na mapanki (mabaki ya samaki aliyetolewa minofu) yenye miiba mikubwa mpikie hadi yalainike kabisa au umnyime.