Lile si goti, ni kisigino

Makala yenu kuhusu wanyama wa Uganda ni nzuri, ila pale mlipoandika kwamba goti la nyuma la punda milia wa hifadhi ya Lake Mburo "hukunjika kinyume", naomba kusahihisha. Lile si goti, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Punda milia husimama kwenye ncha ya kidole kimoja tu, kile cha kati, na mifupa ambayo kwetu imo ndani ya wayo, kwake imerefuka ikawa sehemu ya mguu. Misuli mizito imebaki juu, chini ni kano na mfupa, kwa hiyo mguu ni mwepesi kuurusha mbele anapokimbia.

Anayekula mulokoni, yaani miguu ya ng'ombe iliyopikwa, autazame ule mfupa mrefu kabla ya kuutupa. Upande wa chini una vichwa viwili, kila kimoja na kidole chake. Ni mifupa miwili iliyoungana ikawa mmoja!

Ninayempenda zaidi ni nzohe, yule swala wa vinamasini, wa kinamasi cha Mabamba, na nasikitika mlimtaja kwa sentensi moja tu. Kwato zake ni ndefu, nyembamba, na hutanuka akikanyaga, basi hazami kwenye matope na mafunjo ambako swala wengine wangekwama. Lakini kwato hizohizo humfanya ajikokote kwenye ardhi ngumu. Kinamasi kikikaushwa ili kulimwa mpunga, tusiseme atahamia kwingine. Kwa miguu ile, aende wapi? Tafadhali mwandikieni makala yake mwenyewe.