Shilingi Moja ya Busia, Shilingi Thelathini za Kampala

Anayevuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia huwa na swali moja kwa mbadilisha pesa: "Kenya leo ngapi?" Akiambiwa ishirini na nane, yaani shilingi 28 za Uganda kwa moja ya Kenya, anatoa noti zake, anahesabiwa, anaondoka. Kwa maoni yangu swali hilo ni nusu tu, kwa sababu bei ni mbili: ya kununua na ya kuuza. Tena zimeandikwa kwa upande wa mwenye duka. "Kununua" maana yake yeye ananunua kwako, kwa hiyo wewe utapata ile ndogo.

Hilo wafanyabiashara wanalijua vizuri. Kinachowapita wengi, hata wasomi wa Kampala, ni ukubwa wa pengo kati ya bei hizo mbili. Tuseme duka linanunua shilingi ya Kenya kwa 27.5 na kuiuza kwa 28.5. Shilingi moja tu, nani ataigombania? Sasa tuseme duka hilohilo linanunua dola kwa 3,600 na kuiuza kwa 3,630. Hapo mtu ananuna: shilingi thelathini nzima!

Fanya hesabu. Peleka 50,000 za Kenya, upewe 1,375,000 za Uganda. Safari ikavunjika, ukarudisha zote palepale: utapata kama 48,245. Zimeliwa zaidi ya 1,750, yaani asilimia tatu na nusu, na hujanunua hata soda. Ukizungusha dola 1,000 kwa namna hiyo, utapoteza dola nane na ushee, haifiki asilimia moja. Ile shilingi moja uliyoidharau ina makali mara nne ya zile thelathini. Kwa hiyo nikiona bango la "hakuna kamisheni" napita tu. Kamisheni imo ndani ya pengo.

Kwa nini dola ina pengo jembamba? Kwa sababu Kampala soko lake ni pana. Wauza kahawa wanaziingiza, ndugu walioko ughaibuni wanazituma, mashirika ya misaada yanazileta. Upande wa pili waagizaji wa mafuta na wachuuzi wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla mjini Kampala, wanazitafuta. Wauzaji ni wengi na wanashindana. Shilingi ya Kenya haina soko kama hilo huku, na bei yake kwa kawaida hupatikana kwa kupitia dola: dola moja ni shilingi ngapi zetu, gawanya kwa shilingi ngapi zao.

Mwaka 2024 ulilionyesha hilo waziwazi. Mwezi wa Januari Wakenya walikuwa wakinunua dola kwa karibu 160. Kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130, baada ya serikali yao kupata fedha za kulipa sehemu kubwa ya deni lililokuwa likiwatia watu hofu. Shilingi yetu mbele ya dola haikusogea sana, ikabaki karibu na 3,800. Lakini shilingi ya Kenya huku kwetu ilitoka chini ya 24 ikafika karibu 29. Mwuza mahindi aliyelipwa Januari na kuziweka noti za Kenya chini ya godoro alivuna kama moja ya tano bila kupanda mbegu. Mwenye deni la kulipa Nairobi aliumia kwa kiasi hichohicho. Hakuna kilichobadilika Uganda.

Kuna jambo jingine linaloniudhi. Jirani akija na elfu zake chache, akipewa laki kadhaa, anacheka kwamba Uganda kila mtu ni milionea na pesa yetu ni makaratasi. Basi aniambie: yen moja ya Japani leo ina thamani ndogo kuliko shilingi moja ya Kenya. Kenya ni tajiri kuliko Japani? Wingi wa sifuri unaeleza yaliyopita. Shilingi yetu ilipoanza mwaka 1966 ilikuwa sawa kwa sawa na ya Kenya na ya Tanzania. Mfumuko wa bei wa miaka ya 70 na 80 ukaila, hadi mwaka 1987 serikali ikafuta sifuri mbili na juu yake ikakata asilimia 30 wakati wa kubadilisha. Wazee hawajaisahau ile asilimia 30. La kuangalia leo ni kama bei inatulia au inarukaruka.

Kuhusu dola za noti ndogo au za zamani, sitasema mengi. Marekani inazitambua noti zake zote, lakini hapa noti ya mia mpya ina bei yake, ya kumi ina bei ya chini, na ya miaka ya 90 unaweza kurudishiwa. Omba noti kubwa na mpya tangu huko unakozipata.

Bei unayoiona kwenye intaneti ni ya katikati ya kununua na kuuza, na dirishani hakuna anayeitoa. Kwa hiyo muulize mwenye duka hivi: "Nikikupa hizi, unanipa ngapi mkononi? Na nikizirudisha?" Ukitumiwa pesa kwa simu kutoka Nairobi, usiangalie ada peke yake. Chukua shilingi zilizoingia kwako, ugawanye kwa jumla ya zilizomtoka aliyetuma. Jibu ndilo bei mliyopewa, ada ikiwa ndani.