Ushauri wa bahari usifungiwe kabatini Nairobi

Kanuni za uvuvi wa bahari ya Kenya hutiwa saini Nairobi, kiasi cha kilomita 480 kutoka Mombasa, yaliko makao makuu ya KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi. Kati ya miji hiyo miwili kuna swali lisilotulia: mtafiti aeleze hali ya bahari kisha awaachie wanasiasa, au amwambie waziri bila kuzunguka kwamba uvuvi fulani ukome?

Wanaotaka asivuke mpaka wana hoja nzito. Waziri ndiye atakayeulizwa bungeni, na ndiye anayepaswa kupima matumbawe na riziki za watu. Tena mtafiti naye hukosea. Kule Newfoundland, Kanada, makadirio ya chewa wa Atlantiki katika miaka ya 1980 yalipita hali halisi, ilhali wavuvi wa pwani walikuwa wakilalamika kwamba samaki wanapungua. Mwaka 1992 uvuvi huo ulifungwa, na makumi ya maelfu ya watu wakakosa kazi. Namba ikitolewa bila kusemwa inaweza kupotoka kiasi gani, waziri anatembea gizani akidhani ameshika taa.

Lakini ukimya nao una gharama, na hata ushauri sahihi unaweza kuishia njiani. Chukua juya. Lilipigwa marufuku mwaka 2001 kwa sababu zinazoeleweka: wavu huo wa macho madogo hukokotwa juu ya nyasi za bahari na kuzoa tafi na changu wachanga kabla hawajazaa. Hata hivyo fukwe kadhaa za Pwani ziliendelea kulivuta kwa miaka mingi. Juya moja huvutwa na kundi zima, wengi wao vijana wasio na chombo chao. Watakula nini wakati wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vidogo kushindwa kutoka nje ya mwamba? Kwangu mimi hilo nalo ni swali la kisayansi, na lilistahili kurasa zake ndani ya ushauri.

Kuruwitu, Kilifi, mambo yalianza upande wa pili: wenyeji wenyewe walitenga takriban hekta 30 za bahari ziwe tengefu, wanasayansi wakawasaidia. Napenda mfano huo, ila tusiutwishe mzigo usio wake. Jodari anayevuka mipaka ya nchi hawezi kulindwa na kijiji kimoja. Hapo lazima serikali ikae mezani, tena na takwimu mkononi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mtafiti asiamue, ila aseme wazi kila uamuzi utazaa nini, na ushauri wake utangazwe siku ileile unapomfikia waziri. Maofisa husema faragha huwapa wataalamu nafasi ya kunena bila woga. Kwa rasimu nakubali. Kwa ushauri uliokamilika sikubali, kwa sababu taasisi inayoishi kwa bajeti ya serikali ni rahisi kunyamazishwa, na ripoti iliyokwisha kusomwa na umma haizimiki kirahisi.

Na itoke kwa Kiswahili pia. Mwenyekiti wa BMU, jumuiya ya wavuvi inayosimamia ufuo, kule Vanga hapaswi kungoja boti ya doria ndipo ajue wavu wake umepigwa marufuku, na kwa nini.