Mashairi Juu ya Jazi ya Ala Tupu: Kosa Liko Wapi?

Wapenzi wa jazi ya Marekani wanaokereka kila mwimbaji anapotia mashairi katika muziki uliopigwa kwa ala tupu wana hoja isiyofaa kubezwa. Muziki usio na maneno humwachia kila msikilizaji huzuni yake au furaha yake. Ukishaambiwa kwamba unamhusu mpenzi aliyeondoka, ni vigumu kuusikia tena bila kumkumbuka huyo mpenzi. Tena mashairi mengi ya aina hiyo ni dhaifu, yaliandikwa harakaharaka ili santuri iuzike.

Hata hivyo, lawama hiyo haitofautishi kati ya anayetungia maneno sauti kuu ya wimbo na anayeitungia maneno solo, yaani sehemu ambayo mpigaji mmoja huibuni papo hapo. Mwaka 1949, mjini Stockholm, James Moody, mpigaji aliyezoea saksofoni ya tena, alirekodi kwa saksofoni ya alto ya kuazima wimbo wa mapenzi uitwao "I'm in the Mood for Love", akabuni papo hapo solo iliyokwenda mbali kabisa na wimbo wenyewe. Mwimbaji Eddie Jefferson aliisikiliza santuri hiyo akaitungia maneno solo nzima, silabi zikifuata noti zilivyopigwa, hata zile za mbio ambazo ulimi wa kawaida hauziwezi. Mwimbaji mwingine, King Pleasure, aliposhika maneno hayo na kuyarekodi mwaka 1952, hata sehemu ya piano haikuachwa: iliimbwa na Blossom Dearie, kama mwanamke anayemjibu anayembembeleza. Sioni mtu anawezaje kuiita kazi ya namna hii uharibifu, kwa sababu solo huzaliwa na kwisha dakika ileile, na ingawa santuri huihifadhi, ni maneno yanayoifikisha vinywani mwa watu wasiojua kusoma noti hata moja. Moody mwenyewe hakununa. Alimchukua Jefferson awe mwimbaji wa bendi yake, na maneno hayo akawa anayaimba jukwaani hadi uzeeni.

Penye uzito zaidi ni kwenye fedha, na hapo wanaolalamika hupenda kumtaja Thelonious Monk, mpiga piano na mtunzi wa jazi. Mpiga tarumbeta Cootie Williams aliporekodi wimbo wa Monk uitwao "'Round Midnight" mwaka 1944, jina la Williams liliingizwa kuwa mtunzi mwenza. Baadaye Bernie Hanighen akauandikia mashairi, naye akaingia. Matokeo yake ni kwamba hata Miles Davis alipoupiga kwa tarumbeta, pasipo neno lolote kutamkwa, mrabaha uligawanywa kwa watu watatu. Ni dhuluma, sikatai. Lakini Williams hakuandika hata mstari mmoja wa shairi, na bado ana fungu lake. Kwa hiyo kilichomwumiza Monk ni desturi ya biashara ya muziki ya wakati ule, ambayo ingemkuta hata kama asingetokea mshairi.

Mwimbaji Carmen McRae aliporekodi albamu nzima ya kazi za Monk mwaka 1988, nyimbo kadhaa zilizotiwa maneno zililazimika kubeba majina mapya kwa sababu za kisheria: "Ruby, My Dear" ikawa "Dear Ruby", na "Straight, No Chaser" ikawa "Get It Straight". Wengi waliuona utaratibu huo kuwa usumbufu mtupu. Kwangu ndio mwafaka unaotafutwa, maana anayemtaka Monk bila maneno humpata kwa jina lilelile alilolichagua mwenyewe, na shairi aliloliimba McRae linabaki kupimwa kwa ubora wake, likiwa baya lisahauliwe peke yake.