Darasa nalo lina msimu wake wa kukarabatiwa

Kwenye ukuta wa darasa la nne, katika shule anayosoma binti yangu pembezoni mwa jiji la Dodoma, kuna ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kuelekea kwenye linta. Pale ulipoishia mwezi Machi, mwalimu wa darasa alichora mstari mdogo kwa chaki, akaandika mwezi pembeni. Julai akachora mwingine. Kati ya alama hizo mbili panaingia kidole changu cha shahada chote. Nilimuuliza za nini. "Mzazi, nataka nijue kama unatembea," akanijibu, kisha akarudi ubaoni. Watoto wanaokaa dawati la karibu na ufa huo wamesokota karatasi za daftari wakazishindilia humo, maana upepo wa Julai hapa kwetu unaujua kila mtu.

Unatembea, na sababu yake iko chini ya miguu yetu. Sehemu nyingi za mkoa huu zina udongo wa mfinyanzi, ule mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unasinyaa na kupasuka. Na mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi, halafu miezi mingi ya ukavu. Kwa hiyo kila mwaka msingi unanyanyuliwa na kushushwa. Darasa lisilo na gata ndilo linaloumia zaidi: maji ya bati yanamwagika palepale chini ya ukuta, yanachimba, msimu wa pili au wa tatu unaona mawe ya msingi yako nje. Juu nako mchwa wako kwenye kenchi, misumari ya bati inalegea, hadi siku kimbunga cha kufungulia masika kinapoondoka na paa. Siku hiyo tunaambiwa ni maafa. Mimi naamini paa nyingi huanza kuondoka miaka mitatu kabla, msumari mmoja mmoja, na hakuna aliyepanda kuangalia.

Sisemi kwamba serikali haijengi. Inajenga. Mwaka 2021, kwa fedha za ule mpango wa Uviko-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, kila moja kwa shilingi milioni 20. Nilifurahi, kwa sababu nawajua watoto waliokuwa wanasomea chini ya mbuyu. Lakini darasa likishakabidhiwa, fedha ya kulitunza inatoka wapi? Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na inayofika kwenye akaunti ya shule ni 6,000. Iliyobaki ni ya vitabu. Shule yenye watoto 800 inapata milioni 4.8. Gawanya kwa miezi 12, ni laki nne. Humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani, michezo na utawala. Mwalimu mkuu akitoa hela ya mifuko michache ya saruji kuziba mashimo ya sakafu, keshamaliza. Gata na dawa ya mchwa atavinunua na nini?

Nina pendekezo moja, na sioni kwa nini lishindikane. Sheria tayari inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Iliwezekana kwa sababu iliandikwa, ikawa lazima. Basi iandikwe pia sehemu ya ukarabati wa shule, hata kama ni ndogo, isiyoguswa kwa matumizi mengine, na itoke kabla ya Oktoba. Ikitoka Februari haina maana, mvua imeshaingia na fundi hawezi kupanda juu ya bati.

Na sisi wazazi tusijitoe. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, wengi wetu tumekunja mikono, tukasema shule ni ya serikali. Bibi yangu aliishi kwenye tembe, huko Chamwino. Paa la udongo, kuta za miti na udongo, saruji hakuna. Kila mwaka mvua ilipokaribia, udongo mpya ulipandishwa juu, ukasambazwa kwa mikono na kushindiliwa, na sisi wajukuu tulibeba maji. Hakuna aliyengoja ivuje kwanza. Nyumba ile ilinikuta, ikaniona nikianza shule. Leo tuna bati, zege na nondo, na jengo la miaka kumi linaonekana limechoka kuliko tembe ya bibi.

Kuna kitu kimoja nisichokitaka kabisa: kupiga lipu na rangi juu ya ufa kwa sababu mgeni anakuja. Ufa wa namna ile, unaopanda kutoka kona ya dirisha na kukua kiangazi, lipu haiutibu. Unaufunika tu, na alama za chaki za mwalimu zinapotea nao. Unahitaji mhandisi achimbue pembeni, auone msingi, aseme kama darasa linabeba watoto au wahamishwe. Kamati ya shule imekubali kumwandikia barua.

Mengine hayahitaji mhandisi. Kati yetu wazazi wapo mafundi bati wawili na fundi mwashi mmoja. Kugongelea misumari upya, kuvunja vichuguu vya mchwa ukutani, kuchimba mfereji wa kuyaelekeza maji mbali na msingi, ni kazi ya siku moja tukifika wote. Mkutano wa wazazi ni mwanzoni mwa Oktoba. Ngazi nitakuja nayo mimi.