Sisi Tuliobahatika Kusahauliwa

Wazee na vijana wakibishana kuhusu simu, mabishano huishia kwenye nani anajua kuitumia na nani hajui. Kijana anamcheka mzazi anayeandika kwa kidole kimoja, mzazi naye anamlaumu kijana asiyeweza kumaliza chakula bila kutazama skrini. Mimi naona kinachotutenganisha kwa kweli ni kumbukumbu. Wapo waliokua bila mtu kuwawekea rekodi, na wapo ambao kila hatua yao imehifadhiwa mahali.

Mwaka 2001 Marc Prensky, mwandishi wa Marekani wa masuala ya elimu, aliwagawa watu makundi mawili: wazawa wa ulimwengu wa kidijitali, na wahamiaji walioukuta wakiwa watu wazima. Mgawanyo huo ulienea sana, hasa miongoni mwa walimu, na hadi leo watu wanauegemea. Sisi tuliozaliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980 hatuna pa kukaa humo. Utotoni tulikuwa na kaseti, barua za bahasha na simu ya mezani. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo cha utafiti cha CERN kiliiachia dunia teknolojia ya wavuti bila malipo. Juni 2007 iPhone ya kwanza ikaingia madukani. Ni miaka 14 tu, lakini kwetu ndiyo miaka ya kubalehe, kumaliza shule, kupenda kwa mara ya kwanza na kutafuta kazi.

Tazama picha zilivyokuwa zinapigwa. Filamu ya kamera ilikuwa na nafasi 24 au 36, na kila nafasi ilikuwa na gharama yake: kununua, kusafisha, kuchapa. Kwa hiyo kamera ilitoka kabatini siku ya harusi au mahafali. Hakuna aliyeharibu filamu kumpiga picha kijana wa miaka 15 akinuna, akilia kwa ajili ya mpenzi, au akitangaza msimamo mkali kuhusu jambo alilolisikia juzi. Nilibadilisha mavazi, mwandiko, marafiki, hata namna ya kucheka. Nilichokiacha kilikufa, na walioniona wakati huo wengi wamekwisha kusahau. Wakati ule sikujua kwamba huo ulikuwa uhuru.

Hata intaneti ya mwanzo ilituachia nafasi hiyo. Kwenye vyumba vya gumzo kila mtu alijipachika jina alilotaka, na akichoka nalo alilitupa akachukua jingine. Mambo yaligeuka Septemba 2006, Facebook ilipofungua milango kwa yeyote mwenye umri wa miaka 13 na zaidi, ikishikilia kwamba mtu atumie jina lake halisi. Februari 2009 kikaja kitufe cha laiki, cha kuonyesha kwamba umependa alichoweka mtu, kila neno likaanza kuhesabiwa alama mbele ya watu. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, kubwa hata kuliko simu yenyewe. Mtoto wa miaka 13 akawa anaongea kwa wakati mmoja na rafiki, shangazi, mwalimu na bosi atakayemwajiri miaka 10 baadaye. Anatakiwa awe mtu mmoja mbele ya wote hao, na kabla hajajijua.

Ndiyo maana naudhika nikisikia vijana wakiitwa wasiri kwa sababu wana akaunti ya pili ambayo ndugu hawaijui, au wanatumiana ujumbe unaojifuta baada ya kusomwa. Wanajijengea wenyewe, kwa taabu, kile ambacho sisi tulipewa bure: sehemu ya kujaribu, kukosea na kuondoka bila kufuatwa. Anayewakemea kwa hilo angeanza kwa kukumbuka ujana wake mwenyewe ulivyopita bila ushahidi.

Sheria zimeanza kuliona jambo hili, ingawa kwa kusuasua. Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu anaweza kuitaka Google iondoe viungo vya habari zake zilizopitwa na wakati, pale jina lake linapotafutwa. Tangu Januari 2015 sheria ya California inawaruhusu walio chini ya miaka 18 kufuta walichokiposti wao wenyewe. Lakini sheria hiyo haigusi kilichowekwa na wengine, na hapo ndipo penye kidonda. Watoto wengi leo wanaanza kuonekana mtandaoni kabla ya kuzaliwa, kwa picha ya kipimo cha tumboni iliyowekwa na wazazi wao. Anayefikisha umri wa kufungua akaunti anakuta hadithi yake imeshaanza kusimuliwa, na hana ruhusa ya kuifuta. Mzazi angemwuliza kwanza mtoto anayeweza kujibu. Kwa asiyeweza, angesubiri.

Waajiri na vyuo nao wangekubali kwamba kilichoandikwa na mtu akiwa na miaka 14 si kigezo cha kumpima akiwa na 25. Wengi wa wanaokaa upande ule wa meza wakichimbua posti za zamani za mwombaji ni watu wa rika langu na walionitangulia. Zao hazichimbuliki, kwa sababu tu walizaliwa mapema.