Shetani Hupita Njia Ileile

"La kuvunda halina ubani." Hivyo ndivyo wanavyosemwa watu wenye matatizo ya haiba, hasa ya bodalaini, yaani hisia zinazolipuka na hofu kubwa ya kuachwa: leo wewe ni malaika wake, kesho adui, keshokutwa analia mlangoni kwako. Wenye huruma kidogo husema "akaongee na mtu". Hao ndio wanaonikera zaidi. Kwani mtu huyu amekosa wa kuongea naye? Ameshaongea na shangazi, mchungaji, shehe na kila rafiki aliyebaki. Kuongea anakujua kuliko wewe.

Kinachombadilisha ni kazi ya kuchosha, tena ya karani. Chukueni DBT, tiba ya kufundisha stadi za kutawala hisia, aliyoibuni mwanasaikolojia Marsha Linehan kule Seattle, ambayo jaribio lake kubwa la kwanza lilichapishwa 1991. Mpango kamili ni mwaka mzima: kikao cha ana kwa ana kila wiki, darasa la stadi la kama saa mbili na nusu kila wiki, ruhusa ya kupiga simu katikati, na kikao cha wataalamu wenyewe ili wasichoke wakaanza kuropoka. Kila siku mgonjwa hujaza kadi: hisia zilifika ngapi kati ya 0 na 5, hamu ya kujidhuru, pombe, stadi alizojaribu. Kikao huanza na kadi hiyo. "Wiki imekwendaje?" haina nafasi. La hatari kwa maisha hutangulia, kisha yanayovuruga tiba yenyewe, kama kutohudhuria, halafu mengine.

Sasa tuseme kadi inaonyesha kwamba Jumanne saa tatu usiku alimtukana dada yake kwenye grupu la familia. Kwa nini? "Nilijikuta tu." "Shetani alinipitia." Lugha yetu ni karimu mno hapa, humpa mtu tusi lisilo na mwenyewe. Tiba inakataa ukarimu huo. Shetani alipitia wapi? Saa ngapi? Alisimama kituo gani?

Basi mnyororo unaanza: matukio hupangwa pete kwa pete hadi kwenye tusi. Usiku uliotangulia alipata usingizi wa muda wa saa nne tu, na mchana hakula. Saa kumi na mbili jioni alimwandikia dada. Tiki mbili za bluu, kimya. Wazo: "Ananiona takataka." Kifua kikabana. Hisia ya kwanza, ukimbana vizuri, ilikuwa aibu na hofu ya kuachwa. Hasira ilikuja nyuma kuifunika. Akafukua jumbe za mwaka jana kutafuta ushahidi. Akampigia rafiki, rafiki akachochea. Tusi.

Wataalamu wengi wavivu huishia hapo, na wanaacha pete yenye utajiri wote: baada ya tusi, nini? Kifua kililegea. Dada akapiga simu papo hapo. Mama akasuluhisha. Yaani ujumbe wa adabu uliambulia kimya, tusi likaleta familia nzima! Utamhubiria mtu huyo upole wakati ukali ndio unaomlipa?

Kila pete hupewa dawa yake. Usingizi na chakula havingoji falsafa. Wazo hupimwa kwa ukweli: dada yuko zamu ya usiku. Mwili ukichemka, uso kwenye maji baridi sana huku pumzi imezuiwa, kama sekunde 30 (mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza). Ujumbe wa kuomba jibu unaandikwa palepale kwenye kikao na kufanyiwa mazoezi, na dada anaombwa ajibu ule wa adabu. Mnyororo wa nne au wa tano ukifanana na wa kwanza, mtu huanza kuiona njia. Mwanzoni anashtuka baada ya tusi, baadaye katikati, siku moja kwenye zile tiki za bluu.

Huharibika wapi? Mtaalamu akitoa ushauri dakika ya tano. Au akiuliza kama askari wa upelelezi, ndipo kadi zinaanza kudanganya. Lazima yasemwe yote mawili kwa pumzi moja: kunyimwa jibu kunauma kweli, na tusi lilikuwa kosa. Mtu aliyekua akiambiwa "unajidekeza" hasikii la pili kabla ya la kwanza.

Kuna sheria inayoonekana ya kikatili: aliyejidhuru hapati simu ya mafunzo kwa saa 24, ila usalama wake hushughulikiwa. Apige kabla. Kumbembeleza baada ya jeraha pekee ni kulilipa jeraha.

Haya, nakubali shingo upande kwamba DBT haina ufalme. Jaribio la Kanada la 2009, watu 180, lililinganisha DBT na huduma nzuri ya magonjwa ya akili iliyopangwa. Wote walipata nafuu karibu sawa. London wana njia yao ya Bateman na Fonagy, ya kumfundisha mtu kuelewa yaliyo akilini mwake na mwa wengine. Dawa? Marekani haijaidhinisha hata moja kwa bodalaini. Na kwa haiba za kujikweza au za uhalifu, ushahidi ni mwembamba mno, msiwauzie watu.

Lakini wale wa ubani wasome utafiti wa mtafiti Zanarini wa karibu na Boston, Marekani: watu 290 waliolazwa hospitalini, wakafuatiliwa miaka 10. Asilimia 93 walipata angalau miaka miwili mfululizo bila dalili za kutosha kuitwa bodalaini. Waliofikia pia kazi na mahusiano ya maana ni nusu tu. Wengi wa nusu iliyobaki wameacha matusi, na bado wamekosa ajira au mtu wa kula naye jioni. Huko kadi haifiki, na sioni mpango mwingi wa kuwafikisha.